Bibi Alibaki Wima

Mjomba alitoka alfajiri akiwa mzima, ndoo ya kuokotea korosho mkononi. Kabla ya saa nne alirudishwa kwa bodaboda, kijana wa jirani amemkumbatia kwa nyuma asianguke. Alikuwa amechuchumaa chini ya mkorosho, akataka kusogea mti wa pili, mwili ukakataa. Magoti yalikataa, vifundo vya miguu vikakataa, viganja navyo vikakataa kushika hata tawi la kujivutia. Tulipompokea alikuwa akiwaka homa, na huyo mtu ambaye sijapata kumsikia akilalamika tangu nizaliwe alilia kwa sauti kila tulipomgusa.

Kwetu Lulindi, chini ya uwanda wa Makonde, msimu wa korosho hauna nafasi ya mgonjwa. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Newala, na korosho ikilala chini ikanyeshewa hubadilika rangi, ukiifikisha ghalani haipati tena daraja la kwanza. Basi Mjomba akalazwa mkekani barazani, akapewa dawa ya kutuliza homa, sisi wengine tukarudi shambani.

Mkazamjomba ndiye aliyefuata. Alikuwa akisonga ugali wa muhogo, mwiko ukamponyoka. Akauokota, ukamponyoka tena. Akakaa pale pale jikoni akiitazama mikono yake: vidole vimevimba hadi pete ya ndoa imezama kwenye nyama, kiwiko hakikunjuki. Usiku ule watoto wake wakapandwa na homa, na baada yake vipele vikawatoka kifuani na mikononi. Mama yangu aliamka akitambaa toka kitandani hadi mlangoni kwa sababu nyayo hazikukubali kukanyaga sakafu. Mimi nikawa wa mwisho. Nilikuwa nafunga shati, na kifungo kimoja kikanishinda kabisa.

Bibi peke yake ndiye aliyebaki wima.

Bibi ndiye mzaa Mjomba na mzaa mama yangu. Ameshavuka themanini, mfupi, mkavu, usoni ana chale za zamani ambazo wasichana wa siku hizi hawachanjwi tena. Alizaliwa kule juu, upande wa Newala, akateremka Lulindi alipoolewa. Siku zile alichota maji, akapika uji wa mtama, akatulisha kwa kijiko mmoja baada ya mwingine, akatukanda viungo kwa kitambaa cha maji ya moto. Jioni alikwenda mwenyewe shambani na kurudi na korosho kidogo kidogo kwenye ungo. "Mume wangu," aliniambia kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "leo nakulisha mimi. Ukipona, zamu ni yako."

Zahanati tulikwenda. Walitutoboa vidole, kipimo cha malaria kikaonyesha hatuna vijidudu. Tukapewa paracetamol, tukaambiwa tunywe maji mengi na tupumzike. Ushauri ule ulikuwa sahihi, lakini haukuwa na jina la ugonjwa, na ugonjwa usio na jina hutafutiwa mtu wa kuubeba.

Mkazamjomba alilisema usiku, akidhani tumelala. "Baba watoto, tazama mwenyewe. Nyumba nzima imeanguka. Anayetupikia ni mmoja, anayetuchotea maji ni mmoja, na huyo mmoja ndiye mzima." Mjomba hakujibu. Asubuhi shemeji zake walipofika kutujulia hali, neno likarudiwa mchana kweupe, na mara hii likaja na pendekezo: aitwe mganga apige ramli, ukoo ujue.

Sitalipunguzia neno lile uzito wake. Katika nchi hii wako vikongwe waliopoteza maisha kwa neno dogo kuliko hilo. Mkazamjomba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama mwenye watoto wanaolia usiku, mikono yake haiwezi kuwabeba, na alikuwa akitafuta sababu kwa ushahidi alio nao. Ushahidi wenyewe ulikuwa wa kweli: Bibi hakuugua. Kilichokosekana ni maelezo.

Bibi alisikia. Aliuweka mwiko juu ya chungu, akaingia chumbani kwake, akatoka na kanga zake amezifunga furushi, akakaa chini ya mwembe. "Nasubiri gari la Newala," alisema. Mama akajikokota kumsihi, naye akawa anatazama barabara tu. Mjomba alikuwa mkekani baina ya mama yake na mkewe, hana hata goti la kusimama nalo aamue.

Ndipo nikampigia simu mdogo wangu. Yuko chuoni Dar es Salaam, anasomea maumbo ya protini, na nyumbani tulikuwa tumezoea kumwuliza mambo ya simu na fomu kuliko mambo ya masomo yake. Alinisikiliza, akauliza maswali ya haraka: homa ilianza ghafla? Maumivu yako pande zote mbili za mwili? Vipele? Kisha akauliza lililonishangaza: "Maji mnaweka wapi?"

Bomba letu hutoa maji kwa zamu, na kiangazi zamu huwa ndefu. Nyuma ya jiko tuna pipa la bluu. Ndani Bibi ana mitungi yake ya udongo. Kuna madumu, kuna ndoo, na kuna kisima cha saruji kinachopokea maji ya mvua kutoka kwenye bati. "Chukua tochi," akasema, "umulike ndani ya pipa, utulie uangalie."

Nilijikongoja nikamulika. Mwanzoni niliona maji tu. Kisha nikawaona: viluwiluwi, wamening'inia kichwa chini, ncha za mikia zimegusa uso wa maji wakivuta hewa. Nilipogonga pipa kwa kidole, wote walijikunja na kujikunjua wakazama chini, kisha wakaanza kupanda tena polepole. Juu ya mfuniko uliopasuka alitua mbu mweusi, miguu ina pete nyeupe. Ilikuwa saa nne asubuhi. Sisi vyandarua tunavyo na tunavilalia, lakini mbu huyu, aina ya Aedes, huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla giza halijaingia, wakati watu wako jikoni, barazani na chini ya mikorosho.

"Sasa weka simu kwa sauti," mdogo wangu akasema, "umpelekee Bibi."

Bibi hakutaka kuongea na mtu. Lakini mjukuu alipomwuliza, "Shikamoo Bibi, ulipokuwa mtoto kule juu, watu waliwahi kuanguka hivi?" uso wake ulibadilika. Waliwahi. Yeye alikuwa msichana wa kubeba mtungi mdogo. Kule juu hakukuwa na mto wala chemchemi, mchanga unameza mvua yote, kwa hiyo wanawake waliteremka mteremko kufuata maji bondeni na kupanda nayo kichwani, na maji ya taabu namna hiyo hayamwagwi, yanawekwa ndani mtungini siku nyingi. Mwaka mmoja watu wakaanza kukunjamana. Mama yake, baba yake, majirani, na yeye mwenyewe. Alikumbuka alivyobebwa mgongoni kama kitoto, na miguu haikunyooka.

"Mwaka 1952," mdogo wangu akasema simuni, na sauti ilikuwa ikimtetemeka. "Bibi, huo ugonjwa umeandikwa vitabuni. Dunia nzima inaujua. Unaitwa chikungunya, na jina hilo limetoka kwenu, kwa Kimakonde."

Haya mengine nimeyasoma baadaye kwa maelekezo yake, na nayaandika kwa sababu naona uchungu kwamba nililazimika kufika utu uzima ndipo niyajue. Mlipuko wa 1952 hadi 1953 katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, hapa kwetu, Newala na uwanda wote wa Makonde, ndio uliowapa madaktari maelezo ya kwanza ya ugonjwa huu. Daktari Marion Robinson alieleza dalili za wagonjwa, na W. H. R. Lumsden akaeleza namna ulivyoenea, kazi zote mbili zikachapishwa mwaka 1955. Lumsden alitoka kwenye taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, na aliwakuta mbu wale wale majumbani, wakizaliana kwenye maji ya kunywa yaliyotunzwa ndani. Mwaka 1956 R. W. Ross akachapisha habari za kirusi chenyewe, alichokipata kutoka kwa damu ya wagonjwa na kutoka kwa mbu. Mbegu za virusi zilizotoka kwa wagonjwa wetu wa miaka ile bado zinatunzwa na kutumiwa maabara za ng'ambo hadi leo.

Na ugonjwa haukubaki kwetu. Mwaka 2004 ulizuka Lamu, pwani ya Kenya, kiangazi kikali, watu wakiwa wametunza maji majumbani kama walivyofanya wazee wetu, na wachunguzi walikadiria kuwa robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Ukaenda Mombasa, mwaka 2005 ukavuka hadi Komoro, ukafika kisiwa cha Réunion, ambako karibu theluthi ya watu waliugua, kisha India. Njiani kirusi kilibadilika: katika protini ya ganda iitwayo E1, nafasi ya 226, asidi amino moja iitwayo alanini iliondoka ikaingia valini. Badiliko hilo moja likakiwezesha kuenea vizuri zaidi kupitia mbu mwingine, Aedes albopictus.

Lakini simu iliporudishwa barazani siku ile, Mjomba hakuuliza habari za Réunion. Aliuliza swali moja akiwa amelala chali: "Mwanangu, mbona mama hakuugua?"

"Kwa sababu aliugua tayari, Mjomba. Anayepona chikungunya hubaki na kinga, na wataalamu wanaona kinga hiyo hudumu. Damu ya Bibi inakijua kirusi hiki tangu utoto wake. Sisi wengine ndio tunakutana nacho leo."

Shemeji mmoja akasema hayo ni maneno ya kusoma, kwamba mjukuu anamtetea bibi yake. Mdogo wangu hakukasirika. Aliomba kila mtu aisogelee simu, na akawaeleza kazi anayoisomea, jambo ambalo hakuwahi kutueleza kwa sababu hatukuwahi kumwuliza.

Kirusi hiki, alisema, kina kipenyo cha nanomita 70 hivi, na maagizo yake yote yako kwenye uzi mmoja wa RNA wenye herufi karibu 11,800. Hakina mikono ya kufanya kazi. Kikiingia ndani ya seli ya mtu, seli yenyewe ndiyo inayosoma uzi ule na kumtengenezea mvamizi protini zake. Nne kati ya hizo ni za kuendesha shughuli, na ya pili inaitwa nsP2. Hiyo ndiyo anayoishughulikia yeye.

"Ichukulieni seli kama nyumba yetu. Kiini ni chumba cha ndani, ambamo zimo hati zote za ukoo. Chumba kile kina milango mingi midogo na wapo wapokezi. Protini yenye ruhusa ya kuingia hubeba alama mwilini mwake, kipande kifupi cha asidi amino za laisini na ajinini. Mpokezi aitwaye importini huitambua alama, huishika, huivusha. Na nsP2 inayo alama ya namna hiyo. Inaingia kama mtoto wa nyumbani."

Ikishaingia, alisema, inasababisha kuharibiwa kwa RPB1, kiungo kikuu cha mashine inayonakili hati, na ndani ya saa chache seli haiwezi tena kutoa agizo jipya, hata agizo la kujihami. Kuna pia jambo la pili, lililochapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Wageningen, Uholanzi. Seli ikishambuliwa, majirani zake hupata taarifa kwa interferoni, na mjumbe aitwaye STAT1 hukimbilia chumba cha ndani kuamsha ulinzi. Sehemu ya mkiani ya nsP2 humharakisha mjumbe huyo kutoka nje, kwa kumpitisha kwenye njia ya kawaida ya kutokea, inayohudumiwa na protini iitwayo CRM1.

"Mnaelewa?" mdogo wangu aliuliza. "Kirusi hiki kikiingia nyumbani, kinamtoa nje anayeilinda nyumba. Na Bibi amekaa na furushi chini ya mwembe."

Hakuna aliyejibu. Mkazamjomba aliinamisha kichwa.

Mjomba ni mtu wa kudadisi hata akiwa na homa. Akataka kujua wamejuaje yote hayo ya kitu kisichoonekana. Hapo mdogo wangu akazungumza kwa furaha ambayo ilinifanya nijute kwa niaba ya ukoo mzima kwamba tulikuwa tukimpigia kuuliza salio tu. Njia moja, alisema, ni kuibadilisha protini makusudi mahali pamoja na kuona inashindwa nini. Wako ndugu wa chikungunya, virusi vya msitu wa Semliki, vilivyopatikana Uganda mwaka 1942. Watafiti wa Helsinki waliigusa nsP2 ya virusi hivyo kwenye alama ya kuingilia, wakaondoa ajinini moja ya nafasi ya 649 wakaweka asidi aspati. Protini ikabaki nje ya kiini. Virusi viliendelea kuzaana, lakini ukali wake kwa panya ukapungua. Kwa chikungunya, prolini ya nafasi ya 718 ikibadilishwa, nsP2 hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuinyamazisha seli.

Njia nyingine ni kuitazama sura yake. Unazipa bakteria kazi ya kuitengeneza protini kwa wingi, unaisafisha mpaka ibaki peke yake, kisha unaiweka katika matone madogo yenye chumvi na kusubiri maji yapungue taratibu. Siku nyingi hupati kitu. Siku nyingine, ukitazama kwa hadubini, kuna fuwele ndani ya tone, ina kingo kali, molekuli zote zimejipanga upande mmoja. Ukiipiga kwa miale ya eksirei, miale hutawanyika na kuacha madoa, na kwa hesabu ya madoa yale unapata mahali pa atomu baada ya atomu. Mwaka 2018 kundi la watafiti wa Roorkee, India, likiwa na wenzao wa Marekani, lilichapisha umbo la sehemu ya nsP2 inayokata protini nyingine, wakaonyesha kitanzi laini kinachoziba mahali penyewe pa kukatia. Mtu akitaka kutengeneza dawa ya kukaa pale na kuizuia, lazima kwanza ajue kitanzi kile kinasogea vipi. Mpaka sasa dawa maalumu ya kuua kirusi hiki haipo, kuna kutuliza homa na maumivu, basi.

"Na wewe?" Mjomba akauliza.

"Mimi nimeibadilisha yangu, Mjomba. Nasubiri fuwele."

Mjomba akaomba fimbo. Tulitaka kumzuia, akatukatalia. Alivuka uwanja hatua kwa hatua, akafika chini ya mwembe, akajishusha mchangani mbele ya mama yake kwa shida ambayo wote tuliisikia. Akashika furushi na kuanza kulifungua. Vidole havikuweza fundo. Alijaribu kwa meno. Bibi alimtazama mwanawe, kisha akaweka mkono wake juu ya wake na kulifungua fundo yeye.

Wiki iliyofuata wataalamu wa afya walipita kuchukua damu, kwa sababu nyumba nyingine nazo zilikuwa zimeanza kulaza watu. Majibu yalithibitisha: sisi wagonjwa tulikuwa na IgM, kingamwili za maambukizi mapya. Bibi hakuwa nazo. Alikuwa na IgG pekee, kingamwili za zamani. Mjomba aliikunja karatasi ile akaiweka pamoja na hati ya shamba.

Mkazamjomba alichelewa kusema lake. Homa ilimtoka mapema lakini viungo havikumwachia, na hilo nalo ni kawaida ya ugonjwa huu, wengine huuguza maumivu miezi, wengine miaka. Aliingia jikoni asubuhi moja, akapiga magoti kwa taabu, akaanza, "Mama, nilisema…" Bibi akamkatiza. "Nilikusikia. Inuka, usije ukashindwa kuinuka. Nipe mwiko wangu." Baadaye siku ile niliwaona wameketi pamoja wakimenya ming'oko, Bibi akimenya mingi na mkwewe akimenya michache, hawaongei sana.

Kazi ya maji aliichukua Mkazamjomba kwa nguvu zote. Mdogo wangu alikuwa amemweleza jambo ambalo wengi hawalijui: mbu huyu hatagi juu ya maji tu. Hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yale hustahimili ukavu miezi mingi. Ukimwaga maji na kujaza mapya umeyanywesha mayai. Kutoka yai hadi mbu anayeruka, joto la kwetu likiwepo, ni wiki moja hivi au kidogo zaidi. Kwa hiyo kila wiki chombo lazima kisuguliwe ndani kwa nguvu, hadi ukingoni, ndipo kijazwe. Mitungi ya Bibi ilisuguliwa kwa mchanga na kufunikwa kitambaa kilichofungwa kamba shingoni. Pipa lilipata mfuniko mzima. Mdomo wa kisima cha saruji ukavishwa wavu. Vifuu na makopo nyuma ya choo vikafukiwa.

Kisha akatoka nje ya boma letu. Ana vidole ambavyo asubuhi havifungi kanga, lakini anazungukia nyumba za jirani akifunua mapipa bila kuomba ruhusa. Juzi mzee mmoja alimfukuza, akisema maji yake ameyanunua kwa fedha yake, dumu kwa dumu, na hakuna mwanamke wa kuja kuyamwaga. Mkazamjomba hakubishana habari ya maji. Alimwomba tochi.

"Yamimine kwenye madumu yote, baba, tone lisipotee. Mimi nimekuja na mchanga wangu na brashi. Nisugue pipa, nikurudishie maji yako."

Mzee aliangalia ile mikono iliyovimba, akaangalia ndani ya pipa alipomulikiwa, akamwita mjukuu wake alete madumu.